Shahidi Aliyekuja Baada ya Tarehe

Wahenga wa pwani waliacha methali mbili zisizoweza kukaa jamvi moja bila kugombana. Moja yasema: Kawia ufike. Ya pili yajibu: Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Ya kwanza humtazama msafiri na kumwombea salama. Ya pili humtazama yule aliyekuwa akimngoja msafiri hadi akachoka. Aghalabu watu huzitumia kwa zamu, kila mmoja akichagua ile inayomfaa kwa siku hiyo: mdaiwa huishika ya kwanza, mdai huishika ya pili. Lakini pana mahali ambapo methali zote mbili huingia chumba kimoja kwa saa moja, na mtu mmoja hulazimika kuamua baina yake. Ni pale shauri la kazi linaposikilizwa, na shahidi, au karatasi yenye maneno ya shahidi, inapofika baada ya tarehe iliyopangwa.

Mtu ameona jambo kwa macho yake. Amelisema kama alivyoliona, bila kuongeza wala kupunguza. Lakini amelisema tarehe 19 badala ya tarehe 10. Je, alichokiona kimepungua? Na kama hakikupungua, ni kwa haki gani anaambiwa kwamba hatasikilizwa?

Jibu la upesi ni kwamba ukweli hauozi kama dagaa. Wa jana ni sawa na wa leo. Jibu hili ni sahihi, lakini halitoshi. Mahakama haiulizi tu ni lipi lililo kweli. Huuliza pia ni nani atakayebeba gharama ya kuungoja ukweli huo. Hapo ndipo suala linapoacha kuwa la makarani na kuwa suala la maadili.

Kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, katika mji wa Mtwara na vijiji vinavyoshuka hadi mdomo wa mto Ruvuma, wakati hupimwa kwa saa za aina mbili. Ya kwanza ni ile iliyotundikwa ukutani mwa ofisi. Historia ya mji wenyewe yaonyesha jinsi saa hiyo iwezavyo kukosea: bandari yake yenye kina kirefu ni masalio ya mpango wa karanga wa serikali ya Kiingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, baada ya kalenda iliyopangwa London kushindana na mvua na udongo wa nchi, ikashindwa. Karanga zilipotea, bandari ikabaki, na ofisi nazo zikabaki.

Saa ya pili ni maji. Mikindani, Msanga Mkuu, Msimbati, hadi huko mto unakoingia baharini, hakuna asiyejua kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku hujaa takriban dakika 50 baada ya saa iliyojaa jana. Kwa maana hiyo bahari huchelewa kila siku. Lakini hakuna nahodha anayeilaumu, kwa kuwa kuchelewa kwake kuna hesabu: ajuaye mwezi ajua bamvua, na ajuaye bamvua ajua ni lini chombo kitavuka mchanga. Kwa miaka mingi kivuko cha Kilambo, kinachowavusha watu baina ya Tanzania na Msumbiji, kimefuata saa hii ya pili. Maji yakiwa machache hakiondoki, hata kama abiria ana hati ya wito mfukoni.

Sheria ya kazi ya Tanzania Bara imeandikwa kwa saa ya kwanza. Sheria mbili za mwaka 2004, ya Ajira na Mahusiano Kazini na ya Taasisi za Kazi, ziliweka njia mpya ya kutatua migogoro: kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kisha Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kanuni za mwaka 2007 zikaweka mipaka ya siku. Aliyeachishwa kazi na kuona ameonewa alipewa siku 30 za kulifikisha dai lake mbele ya Tume. Mwenye mgogoro mwingine wa kazi alipewa siku 60. Asiyeridhika na tuzo ya mwamuzi aliwekewa wiki 6 za kuomba Mahakama Kuu iipitie.

Nia ya mipaka hii ilikuwa njema, na si haki kuifanyia dhihaka. Mgogoro wa kazi si mgogoro wa shamba la urithi, ambalo litakuwapo hata wajukuu wakirithi kesi. Mtu aliyeachishwa kazi leo, kesho watoto wake watakula nini? Upesi ni sehemu ya haki yake. Kwa sababu hiyo sheria ilimpa mwamuzi uhuru wa kuendesha shauri kwa namna aionayo inafaa, kwa haki na kwa upesi, akitumia taratibu chache za kisheria kadiri iwezekanavyo. Na aliyechelewa hafungiwi mlango papo hapo. Anaweza kuomba asamehewe kuchelewa kwake, na kanuni zinataka mambo yafuatayo yapimwe: amechelewa kwa kiasi gani, kwa sababu gani, dai lake lina matumaini gani ya kufaulu, upande wa pili utadhurika vipi, na jambo jingine lolote lenye uzito.

Mahakama ya Rufani, kwa upande wake, imezidi kuikaza kamba. Imesema katika maamuzi yake kwamba anayeomba kuongezewa muda lazima aieleze kila siku aliyochelewa, hata ikiwa ni siku moja tu. Katika shauri la Lyamuya Construction dhidi ya wadhamini wa YWCA, lililotokana na maombi ya mwaka 2010, iliorodhesha mizani inayonukuliwa mpaka leo: kipindi chote cha kuchelewa kielezwe, kisiwe kirefu kupita kiasi, mwombaji aonyeshe bidii na si uzembe, na kama ipo sababu nyingine nzito, mathalani kasoro ya kisheria katika uamuzi unaolalamikiwa, nayo itazamwe. Ni hesabu ile ile ya bahari: chelewa, lakini toa hesabu ya dakika zako 50.

Mbele ya Tume mashahidi huja aghalabu kusema kwa vinywa vyao. Kenya, katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, mdai hutakiwa kuambatanisha maelezo ya mashahidi yaliyoandikwa pamoja na dai lake tangu mwanzo. Tanzania nayo imeufuata mtindo wa maelezo ya maandishi katika Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, kwa kanuni za mwaka 2012, na katika mashauri ya kazi yanayofika Mahakama Kuu hati za kiapo ndizo hubeba mengi. Kwa hiyo karatasi iliyochelewa ni tatizo la pande zote mbili za mpaka, ingawa kila upande huivika nguo yake.

Na uchukuliwe mfano, wa kubuni, lakini wenye kufanana na maisha ya huko. Karani wa mizani katika ghala la korosho, si mbali na bandari, ameachishwa kazi msimu ulipokwisha. Anatuhumiwa kwamba magunia yalipotea usiku wa zamu yake. Yeye anasema ghala lilifunguliwa na mwingine, aliye juu yake. Usiku ule walikuwapo watu wawili. Mmoja alikuwa mchukuzi wa magunia, kibarua wa msimu, ambaye korosho zilipokwisha alirudi baharini, akaenda dago na wenzake huko kusini kwa Msimbati. Wa pili ni mlinzi, ambaye mpaka leo analinda lango lile lile na kulipwa na mwajiri yule yule. Mwamuzi ameagiza kila upande ulete maelezo ya mashahidi wake kufikia tarehe 10. Yale ya mchukuzi yanafika tarehe 19. Ya mlinzi yanafika baada ya mwezi, siku chache tangu mkataba wake kumalizika.

Mchukuzi ana sababu inayoeleweka kwa kila mtu wa pwani: kusi lilivuma, chombo hakikutoka kambini, simu ilikuwa imezima, na ujumbe ulimkuta akiwa ameketi mchangani akishona nyavu. Lakini akiambiwa aieleze kila siku katika siku zile 9, ataeleza nini? Siku ya kwanza upepo, siku ya pili upepo, siku ya tatu upepo. Kwa mwanasheria maneno hayo ni uvivu wa kueleza. Kwa mvuvi ni maelezo kamili, kwa kuwa upepo wa siku tatu ni upepo mmoja.

Wala si wavuvi peke yao wanaokutwa na mambo ya namna hiyo. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika katika wilaya ya Kilwa, na hata wakili mwangalifu mwenye gari zuri na kalenda nzuri alikaa upande mmoja wa maji ilhali faili lake liko upande wa pili. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilishambuliwa na wapiganaji waliovuka mto kutoka Cabo Delgado. Mtu aliyehama kijiji usiku na watoto mgongoni hana kumbukumbu ya siku moja moja. Ana kumbukumbu ya usiku mmoja, na baada yake ukungu.

Sababu ya mlinzi ni nzito zaidi, nayo haiandikiki. Aliogopa. Kila jioni aliyopita langoni alijiuliza kama haki ya mwenzake inastahili kununuliwa kwa chakula cha wanawe. Alipokuwa hana tena cha kupoteza, alisema. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, yahusu mambo haya haya kwa pamoja: deni, muda uliowekwa, karani na shahidi. Inawataka mashahidi wasikatae waitwapo. Lakini haiishii hapo. Inakataza pia karani na shahidi kudhuriwa. Mambo hayo mawili yanakwenda sanjari. Jamii inayomdai shahidi afike kwa wakati, bila kumhakikishia kwamba hatadhuriwa kwa kufika kwake, imedai nusu ya agizo na kusahau nusu yake.

Tena kuna kuchelewa kwa aina nyingine, ambako wafasiri wanakujua sana. Hadi mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, shahidi alisema kwa Kiswahili, na kumbukumbu ya maneno yake ikaandikwa aghalabu kwa Kiingereza. Huko kusini safari ya neno ilikuwa ndefu zaidi: huenda limeanza kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao, likapita kwenye Kiswahili, ndipo likafika kwenye wino wa Kiingereza. Mtu aliyepewa karatasi asiyoweza kuisoma huenda kumtafuta wa kumsomea. Siku aliyompata ndiyo siku aliyoambiwa, ingawa muhuri wasema aliambiwa wiki mbili nyuma.

Baada ya hayo yote, ni rahisi kuamua kwamba tarehe ni ukatili na kwamba hakimu mwema ni yule asiyetazama kalenda. Mwelekeo huo una hatari yake, na wapenda haki hawana budi kuutazama usoni.

Kwanza, kumbukumbu ya binadamu ni chombo kinachovuja. Anayeeleza leo jambo la mwaka jana hueleza pia yale aliyoyasikia barazani tangu siku hiyo, pasi na kujua. Tarehe ya mapema humlinda shahidi dhidi ya nafsi yake mwenyewe. Pili, kuchelewa kwaweza kuwa silaha. Asiyeonyesha maelezo ya shahidi wake mpaka asubuhi ya shauri humvizia mwenzake kama mwindaji, na mwenzake huyo hana muda wa kuuliza, kuchunguza, wala kutafuta anayejua kinyume chake. Na tatu, jambo ambalo wenye huruma hulisahau: wenye kuchelewa si maskini peke yao. Mwenye mali ndiye anayeweza kungoja. Mwajiri mwenye mawakili watatu akichelewesha nyaraka zake mwezi mmoja, hapungukiwi na kitu. Mfanyakazi aliye nyumbani bila mshahara huuza kitanda. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wala hayaumii matumbo yote kwa kiasi kimoja. Hakimu akilegeza tarehe kwa kila mtu, atakuwa amewalegezea zaidi wale wasiohitaji.

Huko Uingereza mabishano haya yaliwahi kutikisa mahakama za madai. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani, katika shauri lijulikanalo kwa jina la Denton, ilikuta kwamba maelezo ya ziada ya mashahidi yaliletwa kwa kuchelewa, jaji akayapokea, na usikilizaji uliokuwa umekaribia ukaahirishwa. Mahakama ya Rufani ikatengua ruhusa hiyo. Ikaweka maswali matatu: kosa la kuchelewa ni zito kiasi gani, limetokana na nini, na mazingira yote kwa jumla yanadai nini. Lenye kuzingatiwa hapo ni kwamba aliyeumia si hakimu wala kalenda yake. Aliyeumia ni yule aliyekuwa tayari, akaambiwa arudi siku nyingine.

Basi tarehe ya mwisho ni kitu gani? Si kipimo cha ukweli. Hakuna ukweli wa siku 30 na uwongo wa siku ya 31. Tarehe ni ahadi. Ni ahadi baina ya watu wawili wanaogombana, ikishuhudiwa na wa tatu, kwamba hakuna atakayemngojesha mwenzake milele. Ikieleweka hivyo, maswali mawili yanajitokeza ambayo ni mazito kuliko swali la siku ngapi: kuchelewa huku kumetoka kwa nani, na mzigo wake utamwangukia nani?

Lugha ya Kiswahili, kwa bahati njema, imekwisha kulifikiria swali la kwanza. Neno kuchelewa limetoka kwenye kucha, yaani kupambazuka. Aliyechelewa, kwa asili ya neno, ni aliyekuchewa: alfajiri imemkuta bado yuko njiani, jua limemtangulia. Ni jambo lililompata, kama mvua impatavyo mtu. Lakini kutokana na neno hilo hilo likaundwa kuchelewesha, ambalo lina mtendaji na mtendewa. Kuna aliyechelewa, kuna aliyecheleweshwa, na kuna aliyejichelewesha. Watatu hawa hufika mlangoni kwa saa moja, na kwa saa ya ukutani hawana tofauti. Mchukuzi wa magunia alichelewa. Mlinzi wa lango alicheleweshwa, na aliyemchelewesha, kwa hofu iliyomwekea, ni upande ule ule utakaosimama kulalamika kwamba maelezo yake yamefika baada ya tarehe. Kumpa upande huo faida ya kuchelewa uliokusababisha ni kumlipa mwizi ujira wa kufunga mlango.

Swali la pili, la mzigo, ndilo linalosahauliwa zaidi. Ikiwa maelezo ya mchukuzi yatapokelewa tarehe 19, nani ataumia, na dawa yake ni ipi? Yawezekana wakili wa mwajiri anahitaji siku 10 za kumtafuta anayejua kinyume chake. Apewe siku hizo. Yawezekana shahidi wake alisafiri kutoka Tandahimba na lazima arudi tena. Nauli yake itazamwe. Madhara ya namna hii yanapimika na yanalipika. Lakini ikiwa maelezo yatakataliwa, karani wa mizani atabeba maisha yake yote jina la mwizi wa korosho, katika mji ambao kila ghala linamjua mwenzake. Madhara haya hayalipiki kwa nauli. Mizani yenye vikombe viwili vya namna hiyo haihitaji hakimu mwenye huruma nyingi. Inahitaji hakimu mwenye macho.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, tangu mabadiliko ya mwaka 2000, inazo amri zote mbili katika ibara moja, ya 107A. Inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Hatua chache mbele, inazitaka zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yawezayo kuikwamisha. Msomaji wa haraka ataona hapo methali mbili zikigombana tena. Lakini amri zote mbili zina mwisho mmoja, nao ni haki. Upesi haukuamriwa kwa ajili ya upesi. Taratibu nazo hazikulegezwa kwa ajili ya wazembe. Kila moja imewekwa mlinzi wa mwenzake, ili upesi usije ukala kile ulichotumwa kukileta.

Wapenzi wa fasihi wanaujua mfano ulio maarufu kuliko yote wa tarehe iliyopita. Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Antonio alikopa kwa miezi mitatu, meli zake hazikurudi kwa wakati, tarehe ikapita, na mkopeshaji akaidai ratili yake ya nyama kama hati ilivyosema. Fedha zililetwa baadaye, tena kwa ziada, akazikataa, kwa kuwa zilikuja baada ya siku yake. Watu hukumbuka jinsi Portia alivyomshinda: kwa kuishika hati kwa ukali kuliko mwenyewe, nyama bila tone la damu. Lakini ushindi huo haukuiponya sheria ya Venisi. Ulionyesha tu kwamba anayesimama juu ya herufi ataangushwa na herufi. Kabla ya hapo Portia alikuwa amemwomba mkopeshaji arehemu, na mkopeshaji alikuwa na uhuru wa kukubali. Huenda ndiyo sababu mchezo huo haumwachi msomaji na raha: mlango wa wema ulikuwa wazi kwanza, ukapitwa.

Wanasheria wa dola ya Kituruki, walipoikusanya Majalla kati ya mwaka 1869 na 1876, walilikabili jambo hili kwa unyofu wa kustaajabisha. Waliweka miaka ambayo baada yake kadhi hatasikiliza dai, miaka 15 kwa madai mengi. Lakini wakasema wazi kwamba kupita kwa muda hakuiui haki. Deni linabaki deni. Ni masikio ya kadhi tu yaliyozibwa. Kuna tofauti kubwa baina ya kumwambia mtu "huna haki" na kumwambia "unayo haki, lakini sisi hatutaisikiliza." Kauli ya pili ni ngumu zaidi kuitamka, kwa kuwa inamtaka msemaji akiri kwamba anaacha kitu nje. Ndiyo maana ni ya kweli zaidi. Mwamuzi anayemkatalia mchukuzi wa magunia angepaswa aiseme kauli hii ya pili, kwa maneno yake mwenyewe, na kwa lugha ambayo mchukuzi anaielewa. Asijifiche nyuma ya neno "limetupwa," kana kwamba ushuhuda ulikuwa takataka.

Fasihi yenyewe haina ukomo wa muda, na washairi hupenda kujivunia jambo hilo. Si mbali na Mtwara, huko Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini aliitunga habari ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 kwa utenzi. Ulichapwa Berlin mwaka 1933, na mwaka 1957 ukachapwa tena Afrika ya Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tungo za Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, zilikusanywa kutoka vinywani mwa watu miongo mingi baadaye, na diwani yake ikatoka Johannesburg mwaka 1940. Hakuna aliyesimama kuuliza kwa nini ushahidi huu umechelewa, wala aliyetaka siku zake zielezwe moja moja. Umepokelewa, na wasomaji wameshukuru.

Lakini mshairi asiutumie mfano huu kumfariji mfanyakazi. Waliopigana mwaka 1905 walikuwa wengi wao wamekwisha kufa utenzi ulipochapwa. Ulikuwa ni haki kwa jina lao, haukuwalisha. Karani wa mizani hahitaji kwamba miaka 100 ijayo mtu aonyeshe kuwa hakuiba. Anahitaji jambo hilo lijulikane kabla ya msimu ujao wa korosho, wakati maghala yanapoajiri tena. Subira ya fasihi ni utajiri, na kila utajiri humfanya mwenye nao asahau njaa. Kwa hiyo, hata anayeutetea ushahidi uliochelewa hana budi kuiheshimu tarehe. Anayeitwa leo na aende leo, kwa kuwa yupo anayengoja.

Neno shahidi limetoka katika Kiarabu, na maana ya shina lake ni kuwapo. Shahidi ni aliyekuwapo. Mara ya kwanza alikuwapo bila kutaka, usiku ule ghala lilipofunguliwa. Mara ya pili anatakiwa awepo kwa hiari yake, mbele ya watu wanaomkodolea macho, mahali ambapo hapati faida yoyote. Kuwapo huku kwa pili ndiko kugumu, na mwenye kukufikia, hata kwa kuchelewa, amefanya jambo ambalo wengi waliofika kwa wakati hawakulifanya.

Ameshuka garini na mchanga wa Msimbati miguuni. Anauliza ofisi iko wapi, anaonyeshwa, anaketi kwenye benchi. Huenda mwishoni ataambiwa kwamba maneno yake hayatapokelewa, na huenda uamuzi huo ukawa sahihi. Yapo mashauri ambayo kuchelewa kumekwisha kumharibia mwenzake kiasi kisichorekebishika. Lakini kabla ya kuambiwa hivyo anadaiwa kitu kimoja, ambacho sheria yenyewe imekiandika na ambacho mara nyingi hukosa muda wa kutolewa. Anadaiwa kuulizwa ni nini kilichomchelewesha, na aulizaye angoje jibu, hata kama jibu hilo litakuwa ni upepo, na upepo, na upepo.